Nyumba Nje ya Fremu

Kazini walimwita Rula. Wapo watu waliobandikwa majina mabaya zaidi, kwa hiyo hakulalamika. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, mrefu, mwembamba, mgongo umenyooka hata akiwa amekaa, na tangu aajiriwe hakuna aliyemsikia akipandisha sauti wala akicheka mpaka jino la mwisho. Salamu alikuwa nayo, pole alikuwa nayo, hongera alikuwa nayo. Baada ya hapo maneno yalimwishia, na aliyesimama naye alibaki akitazama viatu vyake.

Zamani alikuwa na mke. Mke aliondoka bila ugomvi, nguo amezikunja vizuri, na alichosema mlangoni ni kwamba kuishi na mume yule ni kama kuishi na kabati: halikuudhi, lakini halikuulizi umeamkaje. Maneno hayo yalimchoma Rula kwa sababu yalikuwa ya kweli. Tangu hapo alikaa chumba kimoja cha kupanga ghorofa ya tatu, kitanda upande huu, jiko la gesi upande ule, kiti kimoja katikati. Ndugu aliyebaki alikuwa dada yake mkubwa, aliyempigia simu kila Jumapili.

"Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Na nani?"

Hapo ndipo Rula alipoanza kuulizia magoti ya shemeji yake.

Lakini msimhurumie mapema. Rula alikuwa na nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa kubwa kuliko ya mkurugenzi.

Ilianza hivi. Kampuni ile ilikuwa na mkono wa birika. Programu ya kuchorea walilipia akaunti moja tu, wakaipa jina "Mchoraji", na hiyo moja ikatumiwa na watu wawili: Rula makao makuu asubuhi, na mchoraji wa tawi, mji mwingine, mchana. Nywila moja, folda moja huko mtandaoni wanakokuita winguni. Mmoja akiingia, mwingine anatupwa nje hata kama yuko katikati ya ukuta. Na kwa kuwa kila kazi iliandikwa imefanywa na "Mchoraji", hakuna aliyejua mwenzake ni nani.

Siku moja Rula alichelewa kutoka, akachora ramani ya ghala mpaka mchana, mara skrini ikamtupa nje. Kesho yake asubuhi alipofungua ramani ile ya ghala, akaona maneno madogo pembeni, nje ya fremu: "Samahani, nimekufukuza. Nilidhani umeshamaliza."

Kwa asiyeijua kazi hii, fremu ni ule mstari unaozunguka mchoro. Kilicho ndani yake hutoka kwenye karatasi. Cha nje hakichapwi. Mteja hakioni, bosi hakioni, anakiona tu aliyefungua faili. Wachoraji huweka huko hesabu zao na vipande visivyohitajika. Hakuna mahali pa siri kama hapo, na ni pa siri kwa sababu hakuna anayepajali.

Rula alifikiri asubuhi nzima cha kujibu. Mwisho akaandika: "Hamna neno. Karibu."

Siku iliyofuata, chini ya neno lile "Karibu", mwenzake alikuwa amechora mlango. Mlango tu, umeachwa wazi. Rula akautazama, akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, halafu akaujengea ukuta kila upande. Kesho yake akakuta dirisha. Akaweka baraza, na kwenye baraza akachora kiti, kwa mazoea yake, kimoja. Asubuhi iliyofuata vilikuwa viwili.

Basi nyumba ikaota hivyo, chumba kwa chumba, mpaka ikawa haitoshi pembeni mwa ghala la mtu, na mwenzake akaihamishia kwenye faili lake lenyewe. Maneno waliandikiana machache. Wote wawili walikuwa watu wa vipimo, na vipimo vilisema mengi. Mwenzake alipenda rafu za vitabu na ngazi ya kupandia juu ya paa. Alikuwa na paka pia, mchoro mdogo wa paka aliyelala, ambaye kila siku alihamishwa mahali pengine, na kazi ya kwanza ya Rula asubuhi ikawa kutafuta paka kalala wapi. Dada yake angemwona anavyotabasamu mbele ya kompyuta angemletea daktari.

Halafu kikaja chumba kimoja kilichoandikwa "Cha mama". Rula alipima mlango wake kama alivyopima kila kitu. Milango yote ya nyumba ile ilikuwa na upana wa kawaida. Huu ulikuwa mpana kupita kiasi, na bafu la karibu yake lilikuwa na nafasi ya kugeuzia kitu kikubwa katikati. Alikaa kitako akaelewa. Kiti cha magurudumu. Hakuuliza neno. Alikwenda barazani kwake, akafuta ngazi mbili alizokuwa amejivunia sana, akaweka mteremko wa pole, mwinamo unaokubalika, na kishikio pande zote mbili.

Kesho yake chini ya mteremko kulikuwa na neno moja: "Asante." Rula alilisoma mara nyingi. Kuna watu wameambiwa mengi zaidi ya hayo na hawakufurahi nusu yake.

Kisha ikaja siku paka hakuonekana popote. Rula alitafuta kila chumba. Alimkuta chumbani kwa mama, amelala pale kilipokuwa kitanda. Kitanda chenyewe kilikuwa kimefutwa. Rula aliandika "Pole sana," akafuta, akaandika tena, akafuta, mwisho akaliacha lilivyo maana hakuwa na jingine. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: "Asante. Mteremko usiuondoe."

Mtauliza kwa nini hakumwuliza jina. Nami nilimkasirikia kwa hilo, lakini fikirieni mtu mnayepishana naye ngazini kila siku. Siku ya kumwuliza jina huwa ni ya kwanza au ya pili. Ikipita hiyo, kuuliza ni kama kumwambia hukuwahi kumjali. Zaidi ya hapo Rula aliogopa. Alijua watu wakimfahamu kwa sura huchoka naye upesi, na huyu alikuwa hajachoka. Kwa hiyo hakujua kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au mtu mzima. Alimwita mwenzangu, na hata dada alimwambia hivyo siku alipobanwa sana.

"Mwenzako yupi?" Dada sauti ikapanda. "Umempata mtu?"

"Tunajenga nyumba naye."

"Kiwanja kiko wapi?"

Rula akaeleza.

"Mdogo wangu," dada akasema, "wenzio wanajenga ya matofali."

Kilichobomoa nyumba ile kilitoka mbali. Mwanamke wa mapokezi, katika kutafuta ramani ya kiwanda, aliangukia folda ya barua za maonyo. Hakuwa mbaya, alikuwa binadamu. Alifungua moja, akafungua zote. Kufika saa ya chakula ofisi nzima ilijua nani alionywa kwa ulevi, nani kwa kuchelewa, na nani kwa mambo ya stoo na mlinzi. Watu hawakusemeshana. Rula naye, kwa mara ya kwanza maishani, alichungulia. Faili lake lilikuwa tupu, halina onyo wala pongezi, jina tu juu na weupe chini.

Mkurugenzi akaitisha mkutano, akiwa mwekundu wa macho, maana barua yake mwenyewe kutoka kwa bodi ilikuwamo. Akamleta binti wa kompyuta, mpole, mwenye kuongea haraka, aeleze utaratibu mpya. Kuanzia sasa kila mtu atakuwa na mlango mmoja: ataingia mara moja asubuhi kwa jina lake na simu yake, na mlango huo utamfungulia kila kitu kinachohusu kazi yake, na kumfungia kila kisichoihusu. Mhasibu aone hesabu, mapokezi waone wageni, wachoraji wa makao makuu waone ramani za makao makuu, wa tawi za tawi. Akaunti za kuchangia zitakufa.

"Wahenga walisema," mkurugenzi akadakia, "fahali wawili hawakai zizi moja!"

Watu wakacheka kumridhisha. Rula hakucheka. Alikuwa amekaa zizi moja na mwenzake miaka yote ile bila kupigana pembe, na hilo ndilo zizi pekee lililowahi kumkubali. Alitaka kunyanyua mkono aseme. Aseme nini?

Kwa wiki mbili za mpito, folda ya "Mchoraji" iliwekwa ya kuona tu. Unafungua, unatazama, hugusi. Rula alifungua nyumba kila asubuhi akatembea vyumbani. Paka alikuwa amegandia juu ya rafu, hahami tena. Hakukuwa na namna ya kuandika hata "Je, umesikia?" Na kila alipoingia, skrini ilimwuliza swali lile lile: yaliyomo kwenye akaunti hii yahamishiwe kwa nani? Mtu mmoja tu. Atakayeitikia atakabidhiwa vyote, mwingine hataviona tena, na jibu linakwenda kwa binti wa kompyuta.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nataka hili lieleweke, maana Rula hakuwa malaika: aliitaka nyumba ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Angesema "ni yangu" ingekuwa yake, asubuhi zote zilizobaki za maisha yake. Lakini mle ndani kulikuwa na chumba cha mama. Mlango ule mpana, na ile nafasi tupu ya kitanda. Mtu anamnyang'anyaje mwenzake chumba cha mama yake? Aliandika: "Si yangu. Ni ya mwenzangu. Chumba cha mama kimo humo." Akabonyeza kabla moyo haujageuka.

Hakupiga hata picha kwa simu. Lilimjia wazo hilo, akaliona kama kuhamisha vyombo vya mtu akiwa hayupo nyumbani. Alijiambia nyumba itakuwa salama kwa mwenyewe, na siku moja, mambo yakitulia, atamwomba aitembelee. Alikwenda chumbani kwake akala amesimama.

Utaratibu mpya ukaanza. Rula alipewa mlango wake, akaingia kwa jina lake kamili alilokuwa amelisahau, na mbele yake pakatokea folda safi, nadhifu, zenye ramani za makao makuu na si zaidi. Nje ya fremu palikuwa peupe. Ofisi ilitulia, watu walianza tena kusemeshana. Utaratibu ulikuwa mzuri, lazima niseme. Barua za maonyo hazikuonekana tena na mtu. Ila Rula alijikuta kila asubuhi akikagua pembezoni mwa kila mchoro, na kila asubuhi alikuwa mtu wa kwanza na wa mwisho kufika pale.

Mwisho akapata ujasiri, akashuka kwa binti wa kompyuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina shida kidogo. Ile folda ya zamani. Najua iko kwa mchoraji wa tawi. Nilitaka kumwomba, kama inaruhusiwa, aniruhusu kuona faili moja. Kuona tu."

Binti akabonyeza, akakunja uso. "Mbona haiko kwa mtu, mzee? Ilifutwa. Si wewe ulikataa?"

"Nilikataa mimi, ili abaki nayo yeye."

"Basi hakuna aliyeichukua. Nilingoja mpaka siku ya mwisho. Tena ulijibu mara mbili, nikadhani labda umesahau kwamba ulishajibu."

"Nilijibu mara moja."

"Mara mbili, mzee. Zote zimetoka kwa 'Mchoraji', na zote zinasema kitu kimoja. Hii hapa: 'Si yangu. Ni ya mwenzangu. Chumba cha mama kimo humo.' Na hii ya mchana wake: 'Si yangu, ni ya mwenzangu. Ndiye aliyeweka mteremko.'"

Rula alishika ukingo wa meza. Umewahi kuona watu wawili mlangoni, huyu anasema tangulia, yule anasema la, tangulia wewe? Waliachiana hivyo hadi mlango ukafungwa, na wote wakabaki nje.

"Mzee, uko sawa? Kaa."

"Ya pili haikuwa yangu," akasema. "Nani alikuwa mchoraji wa tawi?"

Binti alikuwa ameelewa sasa. Akajaribu kulitafuta jina. Skrini ikamkatalia. "Hayupo tena. Nafasi ile haikuendelezwa. Ramani za tawi sasa zinachorwa na watu wa nje ya kampuni. Na akaunti ikishafungwa hata mimi jina silioni, wanaona utumishi peke yao. Nisamehe, mzee. Ningejua mko wawili…"

"Hukuwa na namna ya kujua," Rula akamwambia, na alimaanisha.

Mama wa utumishi alikuwa ghorofa ya juu, mtu wa miwani na heshima zake. Alimsikiliza kisha akauliza swali ambalo kazi yake inamtaka aulize.

"Unamhitaji kwa sababu gani ya kikazi?"

Rula alisimama pale amenyooka. Angesema walijenga nyumba? Angesema paka?

"Basi, mama. Haidhuru," akasema, akatoka.

Jumapili dada alipiga. "Umekula?" Rula akafanya jambo ambalo hakulifanya hata mkewe alipoondoka: alilia, kwa sauti, simu sikioni. Dada alimwacha alie. Hakuuliza kiwanja. Alipotulia kidogo, dada akasema taratibu, "Si una mikono? Ichore tena."

Alichora hapo hapo, kwa penseli, karatasi juu ya godoro. Na hapo ndipo alipoona ajabu. Ngazi ya kwenda paani ilitoka ilivyokuwa, vidato vyote. Rafu zikatoka. Chumba cha mama kikatoka na upana wake wa mlango, na bafu, na mahali paka alipopenda kulala jua likiingia. Kila alichochora mwenzake kilikuwa mkononi mwake. Lakini alipofika kwenye vyumba vyake mwenyewe, penseli ilisimama. Jiko lake lilikuwa upande gani? Baraza ilikuwa na nguzo ngapi? Aliwahi kuweka stoo? Hakukumbuka. Miaka yote alichora vyake ili mwenzake avione, na yeye mwenyewe hakuvitazama tena.

Akaacha sehemu hizo wazi, mistari ya nje tu.

Asubuhi alirudi kwa mama wa utumishi na karatasi ikiwa kwenye bahasha ambayo hakuifunga.

"Umerudi," mama akasema. "Sababu ya kikazi umeipata?"

"Ndiyo. Kuna mchoro haujakamilika. Nusu ninayo mimi, nusu anayo yeye."

"Mchoro wa mteja gani?"

"Wateja ni sisi wawili, mama."

Yule mama aliitoa karatasi, akaigeuza huku na huku. Aliona nyumba iliyojaa upande mmoja na tupu upande mwingine. Pembeni, nje ya fremu, kulikuwa na maandishi yaliyonyooka: "Vyumba vyako vyote ninavyo. Vyangu sivikumbuki. Wewe unavyo?" Chini yake jina lake kamili, la kwanza hadi la mwisho, na namba ya simu.

Akavua miwani. "Anwani siwezi kukupa," akasema. "Hilo sina ruhusa."

"Sikuombi, mama. Ipeleke tu."

Akairudisha karatasi ndani ya bahasha, akailamba, akaifunga, akaandika anwani mwenyewe, akaiweka juu ya barua nyingine za kutoka siku ile.

Rula alishuka kwenye meza yake. Simu ambayo miaka yote aliiacha mfukoni mwa koti, koti likiwa nyuma ya mlango, aliitoa, akaiwasha sauti, akailaza kando ya kipanya, kioo kikiwa juu. Halafu akafungua ramani ya kwanza ya siku, ofisi ya mtu fulani, akaanza na mlango. Aliupa upana wa kutosha kiti cha magurudumu kupita.